Umebadilisha Kazi Mara Nyingi? Panga Hivi Kabla ya Kuhama Tena

Nasoma maombi ya wanaotafuta kazi hapa Mombasa. Kuhamahama peke yake hakumnyimi mtu kazi. Kinachomponza ni kukosa karatasi na kukosa maelezo.

Hatua ya 1. Orodhesha kazi zote, vibarua pia: uliingia lini, ukatoka lini, kilikutoa nini. Ukisahau miezi, taarifa ya michango yako ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, itakukumbusha.

Hatua ya 2. Dai hati ya utumishi. Hapa nakaza, maana wengi huondoka kwa hasira wakaiacha. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akupe unapoondoka, isipokuwa kama hukufikisha wiki nne mfululizo. Hata aliyefukuzwa ana haki nayo. Si barua ya sifa: ni jina la mwajiri na lako, kazi uliyofanya na mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama ulishatoka, andika barua ya kuiomba, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 3. Tafuta uzi unaounganisha kazi hizo. Chukua mtu aliyekaa mapokezi hotelini Shanzu, akakata tikiti za basi Mwembe Tayari, sasa ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kwa haraka utasema ametangatanga. Lakini kote huko alihudumia wateja na kushika nyaraka na pesa za watu! Hilo ndilo liandikwe juu kabisa ya wasifu, kazi zifuate chini yake. Na kazi ya msimu iite "mkataba wa msimu". Watu wa hoteli za pwani wanajua wageni hupungua masika, Aprili na Mei; hawatakushangaa.

Hatua ya 4. Jiulize kazi mpya itakuongezea nini usichonacho: cheti, leseni, mashine utakayojifunza. Nyongeza ya mshahara itakayoishia kwenye nauli ya matatu kutoka Mtwapa, mimi singeihamia.

Hatua ya 5. Toa notisi kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inasema siku 28. Mkataba ukitaka zaidi, fuata mkataba. Kisha mwaka ukiisha, chukua P9, fomu inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa, kwa waajiri wote wawili, wa zamani na wa sasa, kwa sababu ritani ya kodi unayowasilisha KRA (mamlaka ya ushuru), ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni, lazima ijumlishe mishahara yote miwili.