Mpapase Punda Mgongo Kabla ya Kumtandika

Asubuhi gatini Lamu, jahazi likishusha mchanga na simiti, punda hutandikwa sogi, yaani matandiko ya kubebea mzigo, upesi upesi na kuingizwa vichochoroni. Makosa mengi hufanyika hapo. Punda akiumia halii kama mbuzi. Husimama kimya, masikio kayalaza, na mwenyewe akadhani ni mzima.

Basi pitisha kiganja mgongoni, kuanzia begani hadi kiunoni. Ngozi ikitetema au akijivuta ulipogusa, pana maumivu hata kama manyoya hayajatoka. Inua na mkia pia. Kamba ya nailoni inayoshikilia sogi hukata nyama ya chini ya mkia, na wengi hukigundua kidonda hicho siku nzi washajaa. Kamba hiyo izungushie kitambaa cha pamba, na chini ya sogi weka kitambaa kizito cha pamba, si gunia la nailoni, maana humtia joto na kumchubua.

Donda likishafunguka, lioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, umpumzishe mpaka lifunge. Oili chafu ya mashine si dawa, hata kama babu aliitumia.

Kuhusu mzigo: mifuko miwili ya simiti ni kilo 100, na punda wetu ni wadogo. Mfuko mmoja wamtosha. Mchanga ugawe sawa pande zote mbili za sogi.

Haya si huruma tu. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumtumikisha akiwa hafai kazi, na kumnyima chakula au maji. Mwenye punda anayeruhusu hayo naye ana kosa. “Kijana ndiye aliyempiga, mimi nilikuwa kijijini Shela” si utetezi. Umoja wa Ulaya umeandika katika mkataba wake, tangu 2009, kwamba wanyama ni viumbe wenye hisia. Uingereza ikatunga sheria yake 2022. Yetu ni ya miaka ya 1960 na haisemi hivyo waziwazi, ila nani angekataza kumtesa kitu kisichohisi?

Jioni usimwachie ajitafutie jaani. Mifuko ya plastiki humziba matumbo. Ukimwona anagaagaa na kujitazama ubavu, usimnyweshe kitu. Mpeleke usiku huohuo kwa madaktari wa Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, waliopo mjini Lamu tangu 1987.