Jinsi ya kutumia hela mpaka uione raha yake (anza na zile karaha ndogo)

Kuna kipindi nilikuwa naishi Kimara, kutoka kituo cha mwendokasi mpaka geto ni dakika kama sita hivi ukipita mbele ya duka la Mangi, ila mi nilikuwa napita njia ya nyuma kule korongoni, robo saa nzima, mvua ikinyesha ndo usiseme. Kisa? Mangi alikuwa ananidai elfu 23. Miezi miwili nazunguka korongo kisa elfu 23, na katikati hapo nilinunua viatu vya elfu 60 Kariakoo na nyama choma na washkaji nilikula kama mara tatu hivi. Viatu vyenyewe vikaishia kuchafuka tope la korongo. Siku niliyomlipa nikapita mbele kwa mbele, Mangi akasema "kaka umepotea sana", nikacheka kama mwizi, aisee usingizi wa siku ile sijawahi kuupata kwa kununua kitu chochote.

Watu wanabishana kila siku hela inaleta furaha au haileti, wakati shida kubwa iko kwenye mpangilio. Hela ni fundi mzuri sana wa kuondoa karaha, kwenye kuleta raha inajitahidi tu. Sisi tunaituma kwenye raha kwanza, karaha tunaziacha zitusubiri nyumbani.

Kabla sijaelekeza cha kufanya niseme moja, ukimsikia mtu anakwambia "hela haileti furaha" mwangalie kama amekula. Kule Siaya, Kenya, wilaya ya Rarieda, shirika la GiveDirectly liligawa hela kwa familia maskini, zingine zilipata kama dola 400 zingine kama 1,500 kwa thamani ya manunuzi, bila masharti wala semina. Watafiti walipofuatilia wakakuta watu wamebadilisha nyasi wakaweka mabati, wanakula vizuri zaidi na wana furaha zaidi na stresi kidogo kuliko wasiopewa. Sasa hapo utamwambia nini mtu ambaye paa lilikuwa linavuja.

Na ile habari kwamba furaha inagota kwenye dola 75,000 kwa mwaka, ilitoka kwa watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton mwaka 2010, data za Marekani hizo. Mwaka 2021 akaja Matthew Killingsworth na vipimo vyake vya simu, yaani kuwauliza watu kwenye simu wanajisikiaje muda huohuo, akasema haigoti, inaendelea tu kupanda. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth wakakaa meza moja pamoja na Barbara Mellers, 2023 wakatoa jibu: kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda na hela, ila lile kundi dogo la wenye huzuni kubwa hela inawasaidia mpaka kama dola 100,000 halafu inaishiwa nguvu. Ila kilichonigusa mi ni hiki, mule kinachohesabika ni mara ngapi kipato kimeongezeka, yaani anayetoka laki 3 kwenda laki 6 kapanda ngazi ileile ya anayetoka milioni 3 kwenda 6. Kwahiyo kama kipato chako ni kidogo, elfu 50 yako ina kazi kubwa kuliko elfu 50 ya bosi wako. Usiidharau, ipangie.

Haya, tufanye hivi. Chukua daftari, lile la elfu moja linatosha, au noti za kwenye simu, andika kwa mwezi mzima kila mara moyo unapofanya "paa" kwasababu ya hela. Siongelei matumizi, ya matumizi tushashindwa wote, unaandika siku tatu unaacha. Andika karaha. Mwezi mzima kwasababu tarehe 2 wewe ni mtu mmoja na tarehe 22 ni mtu mwingine kabisa. Langu la kwanza lilikuwa hivi: Mangi. LUKU (umeme) kuisha saa 3 usiku mpira unaendelea. Gesi kuisha maharage hayajaiva. Komeo la chooni bovu, unaoga huku umeshika mlango. Marejesho ya mkopo ya Jumatatu. Simu ya mwenye nyumba. Na moja niliona aibu kuiandika, mama akipiga asubuhi sana nilikuwa naiacha iite mpaka ikate kwasababu najua kuna shida inahitaji hela, na siku zingine kumbe alitaka tu kunisalimia.

Mwezi ukiisha weka bei mbele ya kila karaha. Hapa ndo utajishangaa. Komeo elfu 3 na fundi elfu 5, nimeoga nimeshika mlango mwaka mzima kwa kitu cha elfu 8! LUKU ukinunua ya elfu 20 siku mshahara umesoma badala ya elfu mbili mbili, unit ni zilezile ila kile kimlio cha mita kinaisha masikioni. Gesi dawa yake ni mtungi wa pili, ule mdogo wa kilo 6, unakaa pembeni umejaa, huo ukishaunga tu ndo unajua una wiki kadhaa za kujipanga. Nusu ya daftari langu ilikuwa chini ya elfu 30 kila kitu, na nilikuwa naimaliza hela hiyo kwa wikiendi moja bila hata kukumbuka nilikula nini.

Kwahiyo maliza zile za bei rahisi kwanza, mwezi huohuo.

Zile kubwa ndo zinataka akili. Kodi kwa mfano, wenye nyumba wa Dar wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, sa kama chumba ni laki na nusu, miezi sita ni laki 9, na hakuna mtu wa mshahara wa kawaida anayekuta laki 9 imekaa inamsubiri. Ujanja ni kujilipisha kodi mwenyewe kila mwezi, laki na nusu inatoka siku ileile mshahara umeingia, inaenda sehemu ambayo mkono haufiki kirahisi. Laini unayonunulia vocha siyo hiyo sehemu. Hata laini ya pili mi nimeshajaribu, nikajiibia. Weka VICOBA kama wanachama wake unawajua tabia, SACCOS ya kazini, au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT ambayo kuitoa hela inabidi ujaze ombi na usubiri siku kadhaa, kile kipindi cha kusubiri ndo kinga yako, hamu ya subwoofer haidumu siku tatu. Kibubu cha mbao kinafaa kwa wenye roho ngumu, changu kilichokonolewa na mwenye nacho kwa waya wa hanga.

Kwenye madeni sasa. Wataalamu watakwambia anza na lenye riba kubwa, na kihesabu wako sahihi. Mi nasema anza na lile linalokufanya ujifiche kama ni dogo, halafu ndo uende kwenye riba. Mwenye deni linalomficha hawezi hata kutafuta dili, watu wenye dili ndo haohao unaowakwepa. Baada ya hapo nguvu zote kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya marejesho ya kila wiki. Nilichukua laki 2, marejesho elfu 17 kila wiki kwa wiki 16, pale ofisini ilisikika kama hela ya soda, zidisha sasa: 272,000. Elfu 72 juu ndani ya miezi minne, na kila Jumatatu asubuhi tumbo linauma utadhani nina mtihani. Na ile mikopo ya kwenye simu inayojikata yenyewe hela ikiingia, ukimaliza kulipa ondoka kabisa, usiseme "nitaitumia kwa dharura tu", kwetu sisi kila tarehe 20 ni dharura.

Kuna kitu kingine watu wanakiona ni cha matajiri, kununua muda. Vancouver kule Canada mtafiti Ashley Whillans na wenzake waliwapa watu wanaofanya kazi dola 40 wikiendi moja wanunue kitu, wikiendi nyingine dola 40 wanunue chochote kinachowapunguzia kazi, na siku ya kupunguziwa kazi ndo walikuwa na furaha zaidi. Kwa huku kwetu ni mama wa kufua, elfu 10 Jumamosi moja. Mi mwanzo niliona kama nimejifanya mzungu, sa hivi Jumamosi asubuhi naenda na mtoto ufukweni Coco na mihogo tunakula. Ila fanya hivyo ukiwa umemaliza komeo na Mangi, na mama wa kufua mlipe hapohapo, usiende kuwa karaha kwenye daftari la mwenzio.

Michango. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo furaha za Watanzania zinapozikwa. Mwezi mmoja unaweza ukawa na kadi ya send-off, kadi ya harusi, kitchen party ya mke, kipaimara cha mtoto wa jirani, na magrupu manne ya WhatsApp ambayo katibu anaposti majina ya waliotoa kuanzia juu, na jina lako halipo. Utoaji kwenye utafiti unaleta raha kweli, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton mwaka 2008 waliwapa watu dola 5 au 20 waitumie kabla ya saa 11 jioni, nusu wajinunulie, nusu wamnunulie mtu, na waliomnunulia mtu ndo walimaliza siku wakiwa na furaha zaidi, na iwe 5 iwe 20 haikuleta tofauti. Baadae wakaangalia Canada na Uganda, huku na huku ikawa hivyohivyo. Sasa mbona sisi tunatoa kila siku na tumenuna? Kwasababu ule siyo utoaji, ule ni kupigwa mzinga, unaombwa hela huna pa kukwepa. Hujachagua nani, hujachagua lini, na huoni hela yako ilifanya nini zaidi ya kupewa soda mbili na sahani ya pilau.

Nachofanya mimi: fungu la michango lina kiasi chake kila mwezi, langu elfu 40. Msiba unatangulia, huo hauna mjadala, hata fungu likiisha natafuta. Ugonjwa wa pili. Sherehe zinagawana kilichobaki, kikiisha namwambia mtu mapema kabisa "ndugu yangu mwezi huu sina, ila siku yenyewe nakuja kubeba viti", na naenda kweli kubeba. Wawili watatu walininunia, wengine wote hata hawakukumbuka. Halafu ndani ya hilohilo fungu natenga elfu 10 ya kumpa mtu ambaye hajaniomba. Bibi yangu yuko Handeni, miaka yote nilikuwa namtumia hela pale anapougua tu, nikaja nikakusanya miezi kadhaa nikamnunulia godoro, nikampelekea mwenyewe kwa basi mpaka kwake. Alilala mchana palepale mbele yetu. Zile elfu kumi kumi nilizowahi kutuma sikumbuki hata moja, ila lile godoro naliona mpaka leo.

Kuhusu kujilinganisha sitaongea sana maana mnajua wenyewe. Kulekule Siaya walikuta kijiji kikipata hela, majirani ambao hawakupata waliridhika kidogo na maisha yao kuliko kabla, wakati hakuna aliyewapunguzia hata shilingi. Ilififia muda ulivyokwenda, ila ilitokea. Na hao waliona mabati ya jirani mmoja, wewe unaona stetasi za watu mia mbili kabla hujapiga mswaki. Zima stetasi za watatu wanaokuuma zaidi, hawatajua.

Ukipandishwa mshahara usihame. Mi nilipandishwa 2019, ndani ya wiki sita nikawa Sinza, chumba masta, tv inchi 55 ya kukopa, na furaha ile ilidumu kama miezi mitatu hivi, baada ya hapo ni chumba tu na tv ni tv, ila kodi haikuzoeleka hata siku moja. Jipe miezi mitatu uishi vilevile, hela ya nyongeza imalize daftari, halafu pandisha kitu kimoja. Kimoja. Na raha ndogo zibaki na siku yake, chipsi kuku ya Ijumaa ni sherehe, chipsi kuku ya kila siku ni kiungulia.

Kama una mwenza, kila mtu aandike daftari lake bila kuchungulia la mwenzie, mwisho wa mwezi mbadilishane. Tulivyobadilishana na mke wangu nilitegemea nikute sare za shule, friji, vitu kama hivyo. Karaha yake namba moja ilikuwa "ukitoka nje kupokea simu usiku". Mwenzangu miezi yote hiyo anajua nina mwanamke. Walikuwa wale wa marejesho ya Jumatatu. Upande wa bei nikaandika sifuri, na kuanzia siku hiyo simu zote za wadai nazipokelea palepale kwenye kochi, sauti juu, na yeye akawa ananisaidia kuwajibu.