OTC haitibu ndigana kali

"Bwana mifugo, njoo upesi, ng'ombe anashindwa kupumua." Simu za namna hii hunikuta saa nane usiku, masika yamepamba moto, pikipiki inateleza kwenye utelezi wa Lushoto. Nafika nakuta mtamba kalala, povu jeupe linamtoka puani. Ameanza lini? "Leo siku ya tano, ila tumeshamchoma OTC mara tatu." OTC ni oksitetrasaiklini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Hapo huwa nageuza ndoo ya kukamulia, nakaa, nanyamaza kidogo. Povu lile ni maji yaliyojaa kwenye mapafu, na kwa hatua hiyo mkono wangu hauna mengi ya kufanya.

Kinachotuponza ni jina: magonjwa mawili tofauti ya ng'ombe yote huitwa ndigana. Ndigana baridi hutibika kwa OTC: mnyama huishiwa damu, ufizi hupauka, kinyesi huwa kikavu. Ndigana kali ni mdudu mwingine kabisa, anayeletwa na kupe wa masikio, naye huanza kwa homa na kuvimba tezi. Kuna wanaonibishia: "Mbona siku ya chanjo ya ndigana kali mnachoma OTC?" Ni kweli. Siku ile vimelea hai vya ugonjwa wenyewe na OTC ya kudumu muda mrefu huingia mwilini kwa pamoja, ili dawa iwapunguze kasi tangu mwanzo. Mnyama akishaanza kuumwa, nafasi hiyo imekwisha.

Na usiniambie ng'ombe wako hatoki bandani. Kupe anakuja na mzigo wa majani unaoukata wewe mwenyewe bondeni.

Ng'ombe akisusa majani, mpime joto asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijapanda, maana mchana hata mzima hupanda. Paka kipimajoto mafuta, kiingize njia ya haja kubwa kiguse ukuta wa ndani, kisichomekwe katikati ya kinyesi. Subiri dakika 2 ukitazama saa. Nimemwona mtu anahesabu moja mpaka ishirini kisha anachomoa. Huko si kupima. Ikizidi nyuzi 39.5, papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi ikiwa imevimba kama limau, nipigie siku hiyo. Si kesho, si Jumapili baada ya ibada.

Dawa ya ndigana kali ni buparvakuoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, ndani ya msuli wa shingo. Uzito upimwe kwa utepe kuzunguka kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Macho yanadanganya. Mtamba wa kilo 240 anahitaji mililita 12, nazo zigawanywe sehemu mbili, kwa kuwa sehemu moja haipokei zaidi ya 10. Baada ya saa 48 hadi 72 tunampima tena, na ikibidi tunarudia. Kuna aliyempa ng'ombe wa kilo 300 mililita 5, eti chupa ni ghali, abakize ya mwingine. Huyo mwingine hakuhitaji. Tulimfukia wa kwanza, chupa ikabaki dirishani.

Homa ikishuka na akaanza kucheua, ni dalili kwamba anaanza kupata nafuu.

Ukinipigia, anza na joto ulilolisoma na siku aliyosusa kula. Chupa ulizokwisha kutumia usizifiche nyuma ya pipa. Nitaziulizia tu, na kila dakika ninayotumia kuzitafuta kwa tochi ni ya mnyama wako.