Kabla Fuso Halijaja: Fedha na Vyombo Unapohama Dar Kurudi Kijijini

Wengi wanaohama Dar kurudi kwao huanza na makabati. Mimi nasema anza na daftari. Ukishajua kule uendako utaishi na shilingi ngapi kwa mwezi, vyombo havikusumbui tena: unajua kipi kigeuzwe hela, kipi kipande gari na kipi apewe mtu. Ukianza na makabati utabishana na mwenzio kuhusu sofa mpaka mchoke, na hela hamjaigusa.

Nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo mnisamehe nikitazama nyumba kama shehena. Mzigo unaokaa bandarini unalipiwa, utake usitake. Nyumbani pia unalipiwa, ila bili yake huioni. Sisi tunatoka Tabata kwenda Lushoto, upande wa Mlalo, kwao mzee wangu, yaani mume wangu. Anayekwenda Njombe au Rungwe baridi ni ileile. Anayekwenda Kilwa aruke pale nitakapotaja mablanketi.

Daftari

Ukurasa wa kwanza andika matumizi yatakayokufa siku unayoondoka: nauli za daladala, maji ya kununua bomba likikauka, hela ya taka, ulinzi wa mtaa, chakula cha mchana kazini. Utafurahi. Sasa geuza ukurasa uandike yatakayozaliwa, na hapo ndipo watu wengi hawaandiki kitu, wakidhani kijijini kila kitu kinachumwa shambani. Kuna kibarua wa kulima. Kuna mbegu na mbolea (mbolea ya ruzuku ipo tangu 2022, lakini lazima uwe umeandikishwa kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo jiandikishe mapema, usisubiri mvua). Kuna nauli ya kushuka mjini kufuata benki na dawa. Umeme, kama nyumba haijaunganishwa, ada ya vijijini ni shilingi 27,000, lakini waya za ndani na fundi ni juu yako, na fundi ndiye ghali.

Halafu kuna michango. Hapa nitakaa kidogo.

Ukitoka Dar, hata kama umestaafu, kijiji kinakuhesabu mwenye nacho. Kadi ya harusi itakuja, msiba utakuja, darasa la shule litaezekwa, mtoto wa binamu atakosa ada, na wote watakuwa na haki ya kukuomba, kwa sababu kesho wewe ndiye utakayebebwa na majirani haohao kupelekwa hospitali. Wifi yangu wa Mlalo aliniambia kwenye simu: “Wifi, ukija na begi moja watakuonea huruma. Ukija na Fuso mbili watakuletea kadi.” Basi michango ipe mstari wake kwenye daftari, kiasi kinachojulikana kila mwezi, na kiwe kwenye laini ya simu tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani. Kikiisha, sema kweli kwamba cha mwezi huu kimeisha. Mkopo usiutie kabisa humo. Ukimkopesha ndugu kijijini, andika kwenye daftari kwamba umempa, upate usingizi.

Mapato sasa. Wengi wetu tegemeo ni nyumba ya Dar itakayobaki na mpangaji. Tuseme unapangisha kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Usiandike 400,000. Toa mwezi mmoja wa mwaka ambao nyumba itakaa tupu kati ya mpangaji na mpangaji: inabaki 4,400,000 kwa mwaka. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango kwenda TRA, toa nyingine kama hiyo kwa ajili ya koki, paa na rangi, toa kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Gawanya kwa 12. Utapata kama 292,000. Hiyo ndiyo kodi yako, ile laki nne ni ya kumtajia dalali. Na kwa kuwa Dar tunalipwa miezi sita mbele, hela ikiingia itakuja kwa mkupuo na kutabasamu. Iweke mahali utakapoitoa kidogokidogo.

Kama una mafao, fuatilia ungali Dar. Kwa NSSF, pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Unaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, na kwa lazima ni 60. Chukua taarifa ya michango yako uisome mstari kwa mstari. Mwezi ambao mwajiri hakuwasilisha ni rahisi kuudai ukiwa unaweza kwenda ofisini kwake mwenyewe, ukae kwenye benchi mpaka wakuone. Linganisha na majina: jina la NIDA, la cheti cha kuzaliwa, la mfuko na la benki yawe mamoja. Nimeona mafao ya watu yakikwama kwa sababu ya herufi moja, “Saidi” huku na “Said” kule. Hati ya kiapo na marekebisho yake fanya sasa, RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, ikiwa bado iko umbali wa daladala.

Kiinua mgongo kikitoka, kitatafutwa na kila mwenye wazo. Bodaboda, mashine ya kusaga, kuku wa mayai, duka. Msimamo wangu ni mkali, na mzee wangu anausikia kila siku: hela hiyo isiingie kwenye biashara ambayo hamjawahi kuifanya kwa mikono yenu. Igawe mafungu. La dharura liwe mahali pa kutoka haraka. UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayowekeza hela za watu wengi kwa pamoja, wana mfuko wa Ukwasi unaofaa kwa hilo. Linalotakiwa kukulisha liwe mahali panapolipa kwa ratiba: mfuko wao wa Hatifungani, ukiweka angalau milioni 10, unaweza kuchagua kupokea gawio kila mwezi. Hatifungani za Serikali zenyewe, yaani wewe unaikopesha Serikali, zinazouzwa kwa mnada wa Benki Kuu, zinaanzia milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Ukipanga vizuri, malipo mamoja yaangukie Januari ya ada. Fungu la nyumba ya kijijini liwe la mwisho, na liwe na kikomo.

Madeni yamalizwe hapa. Kikoba kiagwe kwenye kikao, hisa zichukuliwe, na yale uliyomdhamini mwenzio yaandikwe kwamba hayako tena juu yako. Mikopo ya simu ifute. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, sina haja ya kuieleza, aliyeionja anaijua. Kama ulikuwa na biashara yenye TIN, nenda TRA uifunge kwa maandishi, maana fremu ukiifunga kwa kufuli tu, makadirio ya kodi yanaweza kuendelea kuandikwa jina lako.

Bima ya afya: uliza kabla ya kuhama ni hospitali zipi za huko zinaipokea kadi yako. Lushoto kuna hospitali ya wilaya, ila mgonjwa akizidiwa anashushwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanga. Nauli ya safari hiyo iwe sehemu ya fungu la dharura.

Vyombo

Sasa makabati. Kwanza tafuta nauli ya gari, kwa sababu ndiyo itakayokuamulia. Malori yanayoleta mboga na matunda Dar kutoka Lushoto hurudi mengi yakiwa hayana mzigo wa maana. Nenda sokoni alfajiri wakati yanashusha, uongee na dereva mwenyewe. Bei yake haifanani na ya Fuso la kukodi kutoka mtaani kwenu. Kisha kila kitu kipe nauli yake. Tuseme gari ni laki sita, na seti ya sofa inakula robo ya bodi: sofa zina nauli ya laki moja na nusu. Je, ungezinunua leo kwa bei hiyo ukazikute Mlalo, ambako fundi seremala yupo na mbao zipo? Kitanda cha mninga nitasema ndiyo. Sofa za sponji iliyokwisha kubonyea, hapana.

Feni zote ziuzwe. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai utatafuta jiko la mkaa kukaa nalo, si feni. Friza pia, isipokuwa una biashara nayo. Lakini uza kwa msimu: feni na friji kati ya Novemba na Februari, Dar inapochemka. Magodoro madogo, meza za kusomea na majiko ya umeme uza vyuo vinapofunguliwa mwishoni mwa mwaka, wanafunzi wananunua bila maneno mengi. Tenki la maji halina msimu, ila mgao ukianza, kama ule wa mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua, jirani atakuja mwenyewe kuuliza.

Bei isiwe ile uliyonunulia. Mnunuzi hajali ulipanga foleni Kariakoo na jasho lilikutoka. Tazama mpya inauzwaje leo, taja nusu, kubali theluthi. Piga picha mchana, kitu kikiwa kimefutwa, weka statasi na magrupu ya mtaa kabla hujamwita mnunuzi wa vyombo vya mtumba, yeye awe wa mwisho. Ukiuza simu, runinga au kompyuta, andikishianeni karatasi ya mauziano yenye majina, namba za NIDA na sahihi. Vyuma chakavu pima kwa mizani yako kwanza, ile ya mkokoteni ina tabia zake.

Kuna vitu ambavyo nyumba za Dar tunavyo na hatuvisemi. Sare za harusi. Kila kamati, kitenge chake. Kila kitchen party, rangi yake. Zitandaze zote kitandani, utashangaa. Mimi nimebakiza zinazonienea na ninazozipenda, nyingine nimempa fundi cherehani ageuze foronya na mifuko ya sokoni, na zilizobaki shangazi zake mzee watafunga vichwani. Halafu vyombo vya kabatini, vile vya wageni, vinavyooshwa Idi kwa Idi na kurudishwa kwenye kioo. Ama vianze kutumika kila siku kuanzia leo, ama apewe mwenye binti anayeolewa. Kuvifunga kwenye magazeti ili vikakae kwenye kabati lingine mlimani ni kulipia nauli ya sahani isiyolisha mtu.

Watoto wakubwa wape tarehe. Waambie kwa upole na kwa maandishi: mabegi, madaftari ya sekondari na spika mbovu visipochukuliwa kufikia siku fulani vinatoka. Vyeti usivitupe hata wakinyamaza. Ndugu wa Dar wape vitu vyao hapahapa, mbele ya wenzao, ili ugomvi uishie Tabata. Na usiache stoo kwa mtu. Utasema ni kwa muda, mwenye nyumba atahama, na utaitwa kutoka Mlalo uje uchukue jokofu lenye panya.

Chukua madumu, ndoo, mtungi wa gesi, cherehani, panga zuri, tochi, na redio. Kabla ya kuondoka pita Karume, soko la mitumba, upate makoti mazito na mablanketi. Mjini huku hayana mwenyewe, utayapata kwa bei nzuri.

Siku yenyewe

Usihame masika. Barabara ya kupanda kutoka Mombo kwenda Soni huangukiwa na mawe na udongo mvua zikizidi, na godoro lililolowa halikauki vizuri kwenye ukungu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua ya kuhama yenye muhuri na orodha ya vyombo. Vizuizi vya njiani vitakuuliza, hasa wakiona fanicha za mbao, na risiti za fundi zikiwepo ziambatanishe. Vyeti, hati ya nyumba, kadi za benki na dawa havipandi Fuso, vinakaa kwenye begi la mkononi ndani ya basi utakalopanda Mbezi. Piga picha mita ya LUKU na ya maji mpangaji akiwa amesimama pale.

Dereva mlipe nusu ukipakia na nusu ukishusha. Hiyo nusu ya pili iende nawe taslimu, maana gari likifika jioni wakala wa kijijini anaweza kuwa hana hela ya kukutolea, na dereva hatakubali kulala.