SOMO: Jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege kati ya viwanja vidogo (mfano Mafia hadi Kilwa Masoko)

Habari zenu wakuu. Nimeona watu wengi wanaingia mtandaoni wanaandika viwanja viwili wanaambiwa "dakika 8", afu wanapanga safari kwa hiyo namba. Ile imepigwa kwa spidi ya ndege kubwa za jeti, kilomita 800 na kitu kwa saa, na jeti ya hivyo haiendi Kilwa. Tupige wenyewe, kalamu na karatasi vinatosha.

Hatua ya 1: tafuta nyuzi za kila kiwanja kwenye ramani (° ni nyuzi, ' ni dakika za ramani, si za saa, na nyuzi moja ina dakika 60). Mafia (Kilindoni) ni 7°55' kusini, 39°40' mashariki. Kilwa Masoko ni 8°55' kusini, 39°30' mashariki.

Hatua ya 2: toa. Kusini tofauti ni dakika 60, mashariki ni dakika 10. Hapa ndo patamu, kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari yaani kilomita 1.852, na kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta hata longitudo inakaribia hivyohivyo.

Hatua ya 3: Pythagoras wa sekondari. 60 mara 60 ni 3600, 10 mara 10 ni 100, jumla 3700, kipeuo chake kama 60.8. Zidisha kwa 1.852, kilomita 112 na ushee.

Hatua ya 4: muda. Chukua ndege ndogo ya Cessna Caravan, weka noti 160, yaani maili 160 za bahari kwa saa. 60.8 gawa kwa 160 ni saa 0.38, zidisha kwa 60 ni dakika 23 hivi. Ongeza 10 za kutembea uwanjani, kupanda na kuzunguka kabla ya kutua, inafika nusu saa na kidogo. Kaa dirisha la kulia, ukiona kisiwa cha Songosongo kule kwenye gesi ujue nusu ya njia imeshapita.

MASWALI

Mkuu, upepo nao?
Unahesabika kaka. Kusi ikivuma noti 20 unaenda nayo uso kwa uso, 160 inabaki 140, dakika 26. Kurudi inakusukuma, dakika 20.

Nikikosa ya moja kwa moja nikapitia Dar?
Mafia–Dar ni kama kilomita 126, Dar–Kilwa 228, jumla 354, mara tatu ya njia iliyonyooka, na bado hujaweka masaa ya kusubiri, ambayo ndo yanayokula siku.

Tiketi ya mama imeandikwa 10:30, ni saa ngapi hiyo?
Saa nne na nusu asubuhi dada, toa 6. Tafadhali mwandikie mama kwa saa zetu kabisa, nimeshaona mzee wa watu kafika uwanjani saa kumi na nusu jioni na begi lake kafunga kwa kamba vizuri, ndege imeondoka tangu asubuhi. Iliniuma sana.

Nina ndugu Norway, hesabu hii inafaa huko?
Latitudo inafaa popote. Longitudo hapana, ukifika nyuzi 60 kaskazini inabaki nusu, kwa hiyo dakika 10 unazihesabu maili 5.