Kinga za mikono za ngozi zenye nakshi na rangi: namna ninavyozitengeneza, hatua kwa hatua

Hizi ni kinga za mapambo, zinazofunika kigasha kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko na kufungwa kwa kamba upande wa ndani. Wanaozitafuta zaidi ni vikundi vya ngoma, waigizaji, na siku hizi hata wanaharusi wanaotaka picha za kipekee. Nimeamua kuandika baada ya kumwelekeza kijana wa kikundi kimoja cha ngoma huku Temeke. Alikuja na vipande vilivyoharibika, na vyote vilikuwa vimeharibikia mahali pamoja: kwenye maji. Kwa hiyo hatua ya nne isome polepole, nyingine utazimudu tu.

Hatua ya 1: Ngozi

Ngozi nyingi wanayotumia mafundi viatu na mabegi wa Kariakoo imetengenezwa kwa kromu, yaani chumvi za madini. Ni laini na haiogopi maji, lakini haishiki nakshi: unaibonyeza, inarudi ilivyokuwa. Sisi tunataka ile iliyotengenezwa kwa tanini, ile dawa chachu inayotoka kwenye magome ya miti. Tanini yenyewe hata hapa nchini inatolewa, kwenye magome ya miwati inayolimwa Njombe.

Muuzaji anaweza kukuitikia jina lolote utakalomtajia, kwa hiyo usibishane naye kuhusu majina. Mwambie tu, "Mama, naomba nikate kona kidogo nione ndani." Kata kwa kisu kikali, uangalie katikati ya ukingo. Ukiona rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu, hiyo ni kromu, irudishe. Ya magome ni kahawia mpaka ndani. Kuna ngozi ya kromu inayotiwa rangi mpaka katikati ikakudanganya macho, basi dondoshea tone la maji upande wa juu. Kwenye ngozi ya magome ambayo haijapakwa kitu, tone linazama na kuacha doa jeusijeusi. Kisha bonyeza hapo kwa ukucha. Alama ikibaki, lipa.

Unene uwe milimita 3 hadi 3.5. Chagua kipande cha mgongoni na uachane na cha tumboni hata kikiwa nusu bei. Ngozi ya tumbo inavutika, na ua ulilolichora la mviringo litageuka yai.

Hatua ya 2: Kipimo

Pima mzunguko wa mkono juu kidogo ya kifundo, kisha pale kigasha kinapokuwa kinene zaidi, halafu urefu. Kwenye kila mzunguko toa sentimita 3 za nafasi ya kamba. Mwenye sentimita 17 chini na 26 juu, kipande chake kitakuwa na upana wa 14 na 23. Kata kwanza karatasi ya manila, mvalishe, mwambie akunje mkono. Ikimchoma kwenye kiwiko, punguza urefu. Ikikaa sawa, ndiyo uikatie ngozi. Ngozi ni nene kuliko manila, kwa hiyo nafasi ya kamba itakuja kuongezeka kidogo, usishtuke.

Hatua ya 3: Mchoro

Mimi hupanga mchoro kama kanga: pindo kwanza, mji baadaye. Pindo likishakaa sawa pembeni pande zote, katikati hapakusumbui tena. Kwa pindo napenda mnyororo, ule unaozunguka fremu za milango ya Zanzibar, kwa sababu unajirudia na mkono unauzoea haraka. Katikati weka yungiyungi, samaki, au korosho za kwenye kanga. Usijaze sana. Kigasha ni kitu cha mviringo, na mtu aliyesimama mbele yako ataona theluthi moja tu ya kazi yako kwa wakati mmoja.

Acha sentimita 2 tupu kando zote mbili za kamba. Na mchoro wa mkono wa kushoto ugeuzwe, la sivyo samaki wote wataogelea upande mmoja.

Hatua ya 4: Kulowanisha ngozi

Hapa ndipo kazi ilipo. Ngozi ya magome inachongeka ikiwa na unyevu, na unyevu wenyewe una kiasi chake. Ukizidi, nakshi inajifuta. Ukipungua, kisu kinakwaruza badala ya kukata.

Tuanze na maji yenyewe. Tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi, na doa lake linaingia ndani. Maji ya tenki lenye kutu, beseni la bati lililobanduka rangi, hata vumbi la tupa lililobaki mezani, vyote vitakuachia vidoadoa vyeusi ambavyo hakuna rangi nyepesi itakayovifunika. Tumia beseni la plastiki, sponji mpya na maji usiyoyatilia shaka. Mimi hutumia ya kunywa. Doa likitokea, lipake maji ya limau mara moja, subiri lififie, kisha pitisha sponji yenye maji safi kipande kizima, si pale tu.

Anza upande wa nyuma, ule wenye manyoyamanyoya, kisha geuza upande wa juu. Pitisha sponji kuanzia ukingo mpaka ukingo bila kusimama katikati, maana ukisimama maji yanaacha mpaka, na mpaka huo utauona hata baada ya kupaka rangi. Usitumbukize kipande kwenye beseni. Maji mengi ni ya wakati wa kukunja, na kukunja bado.

Sasa kifunge kwenye mfuko wa nailoni ukiache usiku mmoja ili maji yasambae mpaka katikati. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, kikipitisha zaidi ya hapo kitaanza kunuka na kuota ukungu. Ukijua huwezi kukifikia kesho yake, kiweke kwenye friji hivyohivyo ndani ya nailoni. Nyumbani watalalamika, lakini ngozi itakaa salama siku kadhaa.

Asubuhi kitoe, kilaze mezani, na usubiri. Kwenye video nyingi za ughaibuni utasikia nusu saa, saa moja. Hizo ni saa za kwao, ambako hewa ni kavu. Hapa Dar hewa yenyewe ina maji, na kipande kinaweza kukaa nusu siku bila kuwa tayari. Watu wengi wanapochoka kusubiri wanawasha feni, na hapo ndipo wanapoharibu: feni inakausha ngozi ya juu wakati katikati bado imelowa. Ukiangalia rangi unaona iko tayari, ukikata unakuta uji. Zima feni. Jasho futa kwa taulo.

Dalili ya kwanza ni rangi. Ngozi iliyolowa ni nyeusinyeusi. Inapokaribia kuwa tayari inarudi karibu na rangi yake ya mwanzo. Karibu, sio kabisa. Dalili ya pili, ninayoiamini zaidi, ni ubaridi. Weka kipande shavuni. Kiwe kinaonekana kikavu lakini shavu lihisi baridi, kama ukuta wa mtungi wa maji. Kikiwa na joto la chumba, kimeshapitiliza, rudi kwenye sponji.

Dalili ya tatu unaipata kwenye kipande cha majaribio, mabaki ya ngozi hiyohiyo, na hicho kipande lazima kiwe kimelowanishwa pamoja na cha kazi. Kata mstari mmoja, piga alama moja. Maji yakichuruzika pembeni ya alama, au alama ikianza kujaa yenyewe ukiwa unaitazama, subiri. Kisu kikikwama na mstari ukawa mweupe wenye nyuzinyuzi, ngozi ni kavu. Ikiwa sawasawa, mstari unafunguka wenyewe nyuma ya kisu na chini ya alama kunatokea kahawia iliyoiva, yenye mng'ao kidogo. Kahawia hiyo ukishaiona mara moja hutahitaji maelezo ya mtu.

Unapochonga, ngozi inaendelea kukauka. Funika kwa nailoni sehemu usiyoigusa, na uwe na chupa ya kupulizia ya saluni. Ukihitaji kuongeza maji, pulizia kipande kizima kwa mbali, kisha subiri tena kidogo. Ukilowesha kona moja tu, kona hiyo itavutika na mnyororo wako hautakutana.

Hatua ya 5: Kuchonga

Bandika selotepu pana upande wa nyuma ili kipande kisitanuke kwa kupigwa. Laza kwenye kipande cha graniti. Mafundi wanaokata makaunta ya jikoni wanavyo vingi na wengine wanakupa bure. Weka mchoro juu ya ngozi, katikati yao plastiki nyembamba, ufuatishe kwa kalamu ya bik iliyoisha wino. Iliyoisha kweli, wino haufutiki kwenye ngozi.

Kwa kukata tumia kisu cha nakshi ambacho kinazunguka ukiwa umekishika, chenye kiti cha kidole juu. Kinaagizwa, na ndicho kifaa pekee ninachosema ulipie. Wembe wa kukatia boksi ni mwembamba mno, unapasua bila kufungua mstari, na kwenye kona ya mviringo unavunjika. Kina kiwe theluthi moja ya unene wa ngozi. Mistari isivukane.

Baada ya kukata, bonyeza upande mmoja wa kila mstari kwa kibonyezo na nyundo ya mbao, ili ua lipande na ardhi yake, yaani sehemu inayolizunguka, ishuke. Vibonyezo unaweza kuchongesha kwa fundi kutoka kwenye boliti za chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida uachie mbao, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Kwa kulainisha petali na magamba ya samaki hakuna kinachoshinda kijiti cha mpingo. Nenda Mwenge kwa wachongaji, waombe kipande cha mabaki, kichonge mdomo mmoja kama kijiko na mwingine kama ncha ya penseli. Mpingo hauachi doa na hautafuni ngozi, na mgongo wake utautumia kusugulia kingo.

Hatua ya 6: Kukunja

Bandua selotepu. Lowesha upande wa nyuma zaidi ya mwanzo, kisha mviringishie mwenye nayo mkononi, juu ya nailoni, ufunge bandeji bila kukaza. Dakika chache zinatosha kushika umbo. Ivue taratibu, iweke juu ya magazeti yaliyoviringishwa yakiwa membamba upande mmoja, ikaukie kivulini. Sasa feni ruksa. Jua hapana, linaikakamaza.

Hatua ya 7: Rangi

Ikiwa unataka ardhi nyeusi, itengeneze mwenyewe. Osha sufi ya chuma ya masufuria kwa sabuni ili mafuta yatoke, itie kwenye chupa ya kioo yenye siki nyeupe, iache siku kadhaa bila kukaza kifuniko kwa sababu inatoa gesi. Paka kwa brashi ndogo: tanini na chuma vinakutana, na safari hii tunautaka weusi. Baada ya hapo futa kwa maji yenye kijiko kimoja cha bikaboneti, ile ya maandazi na siyo magadi ya sabuni, ili ukali wa siki uishe. Acha ikauke kabisa.

Rangi nyingine zote ziwe akriliki. Najua hapa mjini rangi ya mafuta inayong'aa ina heshima yake. Edward Saidi Tingatinga aliitumia miaka ya 1960 na wanafunzi wake wanaendelea nayo. Lakini wao wanapaka kwenye ubao na turubai, na ubao haukunjwi kila siku. Kwenye ngozi ya kuvaliwa, rangi hiyo inapasuka na kubanduka. Akriliki nayo itapasuka ukiipaka nzito. Izimue kwa maji mpaka iwe kama maziwa, paka tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Kabla ya tabaka la kwanza futa ngozi kwa spiriti kutoa mafuta ya vidole. Usipake rangi ndani ya mistari uliyoikata, iache ibaki na giza lake.

Hatua ya 8: Kumalizia

Tabaka mbili za vanishi nyepesi ya akriliki upande wa juu. Kingo zisugue kwa msasa laini, kisha maji kidogo, kisha mgongo wa mpingo mpaka zing'ae, halafu nta ya nyuki. Kwa ndani bandika ngozi nyembamba ya mbuzi, ya kromu inafaa hapa, kwa sababu jasho la Dar litautoa weusi wa siki na kuuhamishia kwenye nguo nyeupe ya mtu.

Toboa matundu kwa koleo ya mikanda, yaachane sentimita 2, na mpe fundi viatu akupigie vijicho vya shaba. Kamba mita 1.5 kwa kila mkono, ianzie kwenye kifundo kupanda juu ili mvaaji aweze kuikaza mwenyewe kwa mkono mmoja na meno.

Usizitunze kwenye nailoni. Zitie kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, mahali panapopita hewa. Ukungu ukiota ndani, futa kwa spiriti. Ukiota juu, kwenye rangi, tumia kitambaa kikavu tu, maana spiriti inayeyusha vanishi.