Kabla hujanunua baiskeli ya umeme, ipime mita mia

Natengeneza kinga, yaani baiskeli, hapa Katuba, Lubumbashi. Siku hizi wanaoniletea baiskeli za umeme huuliza swali moja: je, hii inahitaji plaki (kibao cha namba) kama pikipiki?

Usidanganywe na pedali. Kuna pikipiki kamili zilizofungwa pedali ili zipite kama kinga. Kinachosema kweli ni mwendo, na mwendo unaweza kuupima mwenyewe.

Nenda Jumapili alfajiri kwenye njia iliyonyooka isiyo na watu. Mimi nina kamba ya mita 20. Nailaza mara tano mfululizo, ziwe mita mia, naweka jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Anza mbali kabla ya jiwe la kwanza, ili baiskeli ifike hapo imeshika mwendo wake wote, miguu ikiwa imetulia, umeme peke yake unavuta. Mwenzako asimame pembeni na saa ya simu. Mwendo wa kilomita 25 kwa saa unamaliza mita hizo kwa sekunde 14 na kidogo. Ukipata sekunde 12, huo ni mwendo wa 30. Ukipata 8, ni 45, na kwangu hiyo ni pikipiki: tafuta kofia, plaki na leseni, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni kinga.

Mpaka kati ya kinga na pikipiki nimeshika kilomita 25 kwa saa, kwa sababu wengine wameshaijaribu. Ulaya, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, inasaidia tu mtu anapokanyaga, na inaacha kuvuta ikifika 25. China, kanuni ya mwaka 2018 iliweka 25 hiyo hiyo, wati 400, na uzito usiozidi kilo 55 pamoja na betri. Mimi naupenda sana huo uzito. Wati ni maandishi tu kwenye mota, lakini kilo utazipima kwenye mizani ya muuza makaa.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani alinunua moja yenye kasi. Nikamwambia aiandikishe. Akanijibu: "Yaya (mkubwa wangu), haina mafuta, niandikishe nini?" Wiki ya tatu alimgonga mama mwenye beseni la mikate. Mama hakusikia kitu nyuma yake, maana haina mlio. Mkono ulivunjika. Haikuwa na plaki, kwa hiyo hata kujua alipe nani kulichukua siku nyingi. Tangu siku hiyo, kinga ya umeme haitoki kibandani kwangu bila kengele.

Sasa betri. Soma chaja: betri ya volti 36 ya lithiamu iliyo ya kawaida inataka chaja ya volti 42, ya volti 48 inataka 54.6. Ukiazima chaja ya jirani bila kusoma, unaweza kuchoma nyumba. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, inatuponza zaidi: umeme unarudi saa saba usiku, mtu anachomeka na kulala. Usifanye hivyo. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja utulie ndipo uchomeke. Chaji ukiwa macho, juu ya sementi, mbali na godoro, na kamwe si mlangoni, maana moto ukianzia hapo hamna pa kutokea. Betri iliyovimba usiichaji tena.

Sheria yetu ya barabarani hapa Kongo ni ya mwaka 1978, haikuwaza vyombo hivi. Kwa hiyo askari anaamua kichwani mwake, na mwenye kinga ya polepole anasumbuliwa sawa na mwenye pikipiki iliyofichwa. Tusisubiri. Andika barua kwa mkuu wa komini yako (sehemu ya mji, kama Katuba), ukurasa mmoja, saini za jirani kumi zinatosha. Omba mambo matatu: zisizozidi 25 zihesabiwe kinga bila plaki wala leseni; zinazozidi ziandikwe kama pikipiki; na zote ziwe na kengele na taa. Usiombe zipigwe marufuku. Muuza mboga anayepanda nayo kutoka Ruashi na magunia mawili anaihitaji kuliko sisi.

Peleka nakala mbili. Moja waipige muhuri wa kupokea, na hiyo urudi nayo nyumbani.